Siku niliyokula ugali wa makopa mbele ya mkutano wa kijiji, Mnyambe

Wakuu, salaam kwenu nyote mliopo jukwaani, wenyeji na wageni.

Hii niliyowaletea sikusimuliwa na jirani. Nilikuwepo, nilisema, na nilikula. Majina nimeyabadilisha kwa sababu wahusika wapo hai na wanaishi kijiji kimoja, ila mambo yenyewe nayaweka kama yalivyokuwa.

Nijitambulishe kidogo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Masasi mjini, upande wa Mkomaindo. Kwetu hasa ni Lulindi. Familia yetu ni ya kanisani, babu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, baba naye akashika chaki. Nikasoma kemia, nikafundisha sekondari miaka kadhaa, halafu nikaingia kwenye kazi ambayo mpaka leo mama yangu anashindwa kuwaeleza wenzake wa kwaya ni kazi gani.

Naandika sayansi kwa Kiswahili.

Nina blogu, nina ukurasa kwenye mitandao, na nina kitabu kimoja kidogo ambacho kinauzwa kwenye steshenari na kwenye minada. Siandiki mambo ya sayari za mbali. Naandika yale ambayo mtu wa huku anayaona kila siku na hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza.

Kwa nini mafuta ya ganda la korosho yanababua mikono. Kwa nini bibo, lile tunda la mkorosho, linakaba koo. Kwa nini milima ya mawe ya Masasi imesimama peke yake katikati ya tambarare kama vile ilidondoshwa.

Ile posti ya ganda la korosho ndiyo iliyonitoa. Akina mama wanaobangua korosho waliisambaza wenyewe, simu hadi simu, mpaka ikanirudia mimi ikiwa haina jina langu. Sikukasirika. Nilijua hapo sasa nimeandika kitu.

Watu huwa wananiuliza kama kazi hii inalipa. Inalipa kiasi cha kuishi, nashukuru. Lakini uzi huu hauhusu hilo.

Sasa tuingie kwenye kisa.

Mwaka huo mvua zilikata mapema. Mahindi yalikauka yangali mabichi, na huko juu uwandani, Newala, watu wakarudi kwenye muhogo. Kwa wasiojua, ule muhogo unaomenywa, ukakatwa vipande na kukaushwa juani, huku tunauita makopa. Unatwanga unga, unasonga ugali, maisha yanaendelea.

Nikaandika posti kuhusu muhogo mchungu na sumu iliyomo ndani yake, na namna ya kuitoa. Posti ya kawaida tu. Komenti hazikuwa nyingi, wengi walikuwa wanabishana mpira wiki ile.

Siku chache baadaye ikaingia meseji inboksi.

"Shikamoo Mama Neema. Naitwa Salima, nipo Mnyambe. Huwa nasoma blogu yako. Mama yangu anaambiwa ametia sumu kwenye makopa akawauzia watu. Kuna mkutano Jumamosi. Wanataka ahame. Naomba nipigie."

Nikampigia palepale.

Salima alikuwa binti mkubwa, ameshaolewa na ana mtoto mgongoni, nilimsikia huyo mtoto akilia. Akanieleza kwamba mama yake anauza makopa. Nyumba ya jirani, kwa Baba Hamisi, walinunua, wakatwanga, wakala. Haikuchukua muda watoto wote wakaanza kutapika na kulalamika kichwa na kizunguzungu. Mdogo akalegea kabisa. Wakakimbizwa zahanati, wakapelekwa Newala hospitali. Mungu mkubwa, wote walipona.

"Ni muhogo mtamu au mchungu?" nikamuuliza.

"Mchungu, Mama. Mtamu huku huwezi kuufikisha mavunoni, nguruwe wanaumaliza shambani."

"Na nyie mlikula makopa hayo?"

Akambembeleza mtoto, ndipo akajibu.

"Tulikula, Mama. Ndiyo kesi yenyewe. Wanasema kama si sumu ya panya, mbona sisi hatukuumwa?"

Wakuu, swali hilo si la kijinga. Ndiyo maana lilinisumbua. Ukiwa nje ya sayansi, nyumba mbili zinakula makopa ya mtu mmoja, moja inaanguka, nyingine inabaki salama, na iliyobaki salama ni ya muuzaji. Hata mimi ningemtilia shaka.

Mume wangu ni fundi magari, mtu wa maneno machache. Nilipomwambia naenda Mnyambe akafuta mikono kwa kitambaa akasema, "Mama Neema, wewe ni mwandishi. Polisi wapo."

"Polisi hawatawaeleza watu muhogo unafanyaje kazi."

"Na ukieleza wasikubali? Ukaharibu zaidi?"

Linaweza kutokea, nikamwambia. Lakini nilijua kitu kimoja. Kama ninachoandika ni kweli nikiwa nimekaa kwenye kiti changu Mkomaindo, basi ni kweli pia nikiwa nimesimama mbele ya Baba Hamisi. Kama siwezi kukisema pale, nina haki gani ya kukiandika?

Ijumaa nikapanda Newala, na kutoka Newala nikachukua bodaboda.

Waliofika Mnyambe wanajua, mikorosho kila upande, mchanga, na maji ni habari nyingine kabisa. Uwanda ule uko juu, maji yako chini. Bomba likitoka kuna foleni ya ndoo, lisipotoka watu wanatafutana. Hili la maji mliweke akilini, kwa sababu bila maji hata kuloweka muhogo ni anasa.

Nilipofika nikamkuta mama mwenyewe, Mama Salima, amekaa uani anachambua ming'oko, vile viazi vya porini. Ni mama mtu mzima, mwembamba, anaongea taratibu kwa lafudhi ya Kimakonde.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja mbali kwa ajili ya makopa."

Akaniambia shida kubwa haikuwa matusi, maana matusi unayasikia yanapita. Shida ilikuwa bombani. Akifika na ndoo yake, wenzake wananyamaza. Hakuna anayemfukuza. Wananyamaza tu mpaka amalize, aondoke. Wanawake aliozaa nao msimu mmoja, waliobebeana watoto.

Nikamuuliza habari za makopa. Yale mliyokula hapa nyumbani na yale mliyouza, ni ya siku moja?

"Hapana. Yetu yalikuwa ya zamani. Tuliyavundika kwanza, yakalala yakaota ukungu, ndiyo tukaanika. Ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu."

"Na yale ya kwa Baba Hamisi?"

Akaendelea kuchambua. Salima akainamisha kichwa.

"Yale yalikuwa mabichi bado," akasema baadaye. "Nimetoka kuyamenya, yamepigwa na jua kidogo. Mama Hamisi akaja. Nyumbani kwake hakuna kitu na watoto wanalia. Mumewe yuko safari ya kibarua, anarudi jioni, na alishamwambia asiende kuomba kwa watu. Nikamwambia hayajakaa vizuri, subiri. Akasema nipe hivyohivyo. Nikampa."

"Mbona hujasema hivi?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Nikisema, Baba Hamisi atasema mkewe ndiye aliyewalisha watoto wake sumu. Wewe utapanda gari urudi Masasi. Mama Hamisi atalala nyumba gani?"

Wakuu, huyu mama alikuwa tayari kuhama kijiji alichozaliwa kuliko kumtaja jirani yake. Akaniomba nimuahidi kwamba jina la Mama Hamisi halitatoka mdomoni mwangu mkutanoni. Nikamuahidi.

Sasa angalieni mtego niliokuwamo. Jibu ninalo. Jibu linamsafisha kabisa. Na nusu ya jibu hilo siruhusiwi kulisema.

Jumamosi asubuhi nikaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, na mganga wa zahanati ya kijiji naye akaja. Kumbe mganga tangu siku ya kwanza alikuwa amewaambia ni muhogo. Baba Hamisi alimjibu kwamba muhogo anaula tangu hajaota meno, hawezi kufundishwa leo.

Nikaomba kitu kimoja. Makopa yaliyobaki kwa Baba Hamisi yaletwe mkutanoni, yaleyale, yatwangwe mbele za watu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Unataka kuyafanyia nini?"

"Nataka kuyala."

Mganga akanivuta pembeni. Nikamweleza ninachokwenda kufanya kabla ya kula, hatua kwa hatua. Alikuwa anaijua njia hiyo. Akafikiri, akasema, "Sawa. Na mimi nitakula."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Baba Hamisi alikaa mbele. Ni mwanaume mfupi, ana mabega ya mtu anayelima, na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu wanawe waugue. Sikumchukia. Nilimtazama nikawaza, ningekuwa mimi na mtoto wangu amelegea mikononi, ningefanya nini?

Mkewe alikaa nyuma na wanawake, amejifunika kanga mpaka usoni.

Makopa yakatwangwa, yakachekechwa. Unga mweupe, mzuri, ukiutazama huoni kasoro.

Nikauweka kwenye bakuli, nikausawazisha, nikaweka alama ulipofikia. Nikaanza kutia maji kidogo kidogo huku nakoroga. Unga ukishika maji kwanza unashuka, halafu unapanda. Uliporudi kwenye alama yangu nikaacha. Nikautandaza kwenye ungo, tabaka jembamba, nikauweka juani.

"Sasa tunasubiri," nikawaambia. "Na tukiwa tunasubiri nitawaeleza tunasubiri nini."

Hapo ndipo nilipofanya kazi yangu, wakuu. Hii ndiyo kazi ninayoijua.

Nikawaambia muhogo mchungu una sumu yake wenyewe, haujatiwa na mtu. Ni silaha yake. Ndiyo hiyo inayomfanya nguruwe apite pembeni aende kwa muhogo mtamu. Sumu hiyo imefungwa ndani ya muhogo. Ukiupa maji na muda, inafunguka na kutoka na kupotea hewani kama harufu ya kitu inavyopotea. Ukivundika, inatoka. Ukiloweka, inatoka. Lakini ukimenya leo, ukaanika kwa haraka ukatwanga, muhogo umekauka na sumu imebaki humohumo kwenye unga. Na mwaka wa jua kali kama huu, muhogo unaongeza silaha, kwa hiyo hata mliozoea kula bila madhara, mwaka huu mnaweza kudhurika.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo hewa inayotoka hapo kwenye ungo ndiyo sumu?"

"Ndiyo Mzee. Shikamoo. Ndiyo maana nimeuweka nje na si ndani ya nyumba."

Wale waliokuwa karibu na ungo wakasogea nyuma. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasikia uwanja umelegea kidogo.

Baba Hamisi hakucheka. Akasimama.

"Mwalimu, nimekusikia. Umesoma, sisi hatukusoma. Lakini nijibu. Makopa ni ya huyu mama. Wao wamekula, wazima. Mimi wanangu wanatapika. Huo muhogo unachagua nyumba?"

Watu wakanigeukia.

"Muhogo hauchagui nyumba," nikamjibu. "Unajali tu ulivyotengenezwa. Makopa waliyokula wao yalivundikwa na kukaa. Yale yaliyokuja kwako yalikuwa hayajakaa."

"Vizuri. Basi kwa nini mimi aniuzie ambayo hayajakaa, na yeye ale yaliyokaa?"

Nilijua swali hilo litakuja. Nilikuwa nimelala nalo. Nikamtazama Mama Salima. Alikuwa ametulia, mikono mapajani. Akatikisa kichwa kidogo tu, ishara ya hapana.

Nikasema, "Baba Hamisi, hilo siwezi kulijibu. Mimi nimekuja kueleza muhogo."

Minong'ono ikaanza. Nikasikia mtu nyuma akisema, amekwama huyo. Na kweli nilikuwa nimekwama. Lakini sikuwa na wasiwasi na unga wangu. Ulikuwa pale juani unafanya kazi yake bila kujali nani anamsema nani.

Jua lilipokwisha kufanya vya kutosha, zaidi hata ya masaa mawili ninayoyaandika kwenye blogu, Salima akachochea moto. Nikasonga ugali mwenyewe. Kuna mboga ya kisamvu ililetwa.

Mama mmoja akanisogezea mtoto wake, eti aonje naye tuone. Nikakataa. Nikamwambia mtoto hatumiwi kujaribia kitu, hata ukiwa na uhakika kiasi gani.

Nikala. Mama Salima akanawa, akala sahani moja na mimi. Mganga akala. Mwenyekiti, baada ya kutazama huku na huku, naye akanawa.

Halafu tukakaa.

Sijawahi kutazamwa hivyo maishani. Watu wazima wanakukodolea macho kuona kama utashika tumbo. Nikijikuna tu, shingo zinageuka. Nimeshafundisha darasa la watoto wengi kuliko madawati, nimeshazindua kitabu mbele ya askofu, lakini siku hiyo ndiyo niliyojiona mwandishi. Nilikuwa nimepika kwa njia hiyo jikoni kwangu mara nyingi kabla sijaiandika, kwa sababu siandiki nisichokijaribu.

Muda ukapita. Mwenyekiti akaomba maji ya kunywa, watu wakashtuka, kumbe ana kiu tu.

Ule muda ambao watoto wa Baba Hamisi walianza kutapika ulikuwa umeshapita kabisa. Baba Hamisi mwenyewe ndiye aliyelisema hilo, kwa sauti ya chini, kama anaongea na nafsi yake. "Wa kwangu saa hizi walikuwa wameshaanguka."

Ndipo nyuma kwenye kundi la wanawake mtu akasimama. Ni Mama Hamisi. Kanga imeshuka mabegani.

"Mimi ndiye niliyemwomba," akasema.

Mumewe akageuka.

"Aliniambia hayajakaa, nisubiri. Mimi nikasema watoto wana njaa. Nikamlazimisha. Amekaa kimya siku zote hizi ananificha mimi. Mimi nikaenda bombani nikanyamaza pamoja na wenzangu."

Hakulia. Alisema akakaa.

Wakuu, nilimtazama Baba Hamisi na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ngumi zilikuwa zimekunjwa. Mwenyekiti aliliona pia, akasimama haraka, na simsahau kwa alichofanya.

"Baba Hamisi, umesikia na sisi tumesikia," akasema. "Mkeo alitafuta chakula cha wanao. Mwenzake alimpa. Jua ndilo lililoharibu mwaka. Hapa hakuna mtu wa kuhama, na hakuna mtu wa kuguswa nyumbani kwake leo wala kesho. Nimesema mbele ya kijiji."

Wale wanawake waliokuwa wakinyamaza bombani wakasogea, wakamzunguka Mama Hamisi. Mama Salima akaenda akakaa ubavuni kwake. Mmoja akampa mwenzake sehemu ya jamvi, basi.

Baba Hamisi akaondoka uwanjani bila kuaga. Hakuomba radhi, na siwezi kuwadanganya kwamba aliomba. Salima alinihakikishia baadaye kwamba nyumbani hakukuwa na vurugu. Alikaa siku kadhaa haongei na mtu, halafu akaanza kuongea.

Mimi nilirudi Masasi kesho yake, mzima, nina njaa.

Kilichofuata kilinifundisha kuhusu kazi yangu kuliko miaka yote ya nyuma. Salima alinipigia akasema, "Mama Neema, posti yako ni nzuri, lakini bibi yangu hasomi, na Kiswahili chako ni cha darasani." Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tukakutana, yeye akayasema maelezo yale kwa Kimakonde, kwa sauti yake, tukarekodi kwenye simu. Bakuli, alama, maji, ungo, jua, pika siku hiyohiyo. Sauti ile ilitembea vijiji vingi kuliko posti yoyote niliyowahi kuandika. Sasa kila ninachokiandika kuhusu chakula, Salima anakitafsiri na kukirekodi, na jina lake linakuwepo.

Mama Salima bado anauza makopa. Safari hii anawaambia wateja kabisa, haya yamekaa, haya bado, na wateja wanasubiri.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nyumbani, naandika barazani, nikaona mtu amesimama getini. Baba Hamisi. Alikuwa amemleta mama yake kliniki, akaulizia kwa yule mwalimu wa muhogo, wakamwelekeza.

Nikamkaribisha. Akakaa kwenye ncha ya kiti. Tukaulizana hali za watoto, wangu na wake. Nikadhani sasa atasema habari za ule mkutano.

Akasema, "Mwalimu, ile dawa tunayopulizia mikorosho. Ile salfa na hizi nyingine za maji. Nikitoka shambani wanangu wananirukia na nguo zilezile. Kuna ubaya?"

Nikafunga kompyuta. Tukaongea mpaka mama yake akamaliza kliniki na kupita kumchukua.

Wakuu, mimi nimejifunza hivi. Ukimweleza mtu jambo bila kutafuta wa kumlaumu, iko siku atakuja mwenyewe kukuuliza lingine. Na ukiandika kitu kinachoingia midomoni mwa watu, hakikisha wewe mwenyewe uko tayari kukila mbele yao.

Wenye muhogo mchungu nyumbani mwaka huu, maelezo mmeyapata hapo juu, yatumieni, wapeni na majirani. Na wale wa kanda nyingine, huko kwenu mnautoaje uchungu? Najua kila mahali kuna namna yake. Wekeni hapa chini tusome sote, na mwenye kupinga apinge, nipo.